Umeulizia hempu? Anza hapa: jaribio la shambani, mtafiti na fedha kwa vikundi vya Kanda ya Ziwa

Tangu msimu uliopita napigiwa simu za swali lilelile, leo Magu, kesho Sengerema, keshokutwa Ukerewe: "Kaka, hempu inalipa? Mbegu inapatikana wapi? Na hao wafadhili mnawapataje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vocha imeniishia, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Ukinipigia tena nitakuuliza kwanza kama umeshayasoma haya.

Mimi si mtafiti. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wilayani Misungwi, na tumefanya majaribio ya mazao ya nyuzi kwa misimu miwili. Tuliyoyapatia nitayasema, na tuliyoyaharibu nitayasema zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuokolea msimu.

Kwanza, hiyo hempu yenyewe

Hempu ni mmea wa bangi. Ni ukoo mmoja, ila umechaguliwa kizazi hadi kizazi mpaka kilevi chake, kile kinachoitwa THC, kikabaki kidogo sana. Marekani, sheria ya kilimo ya 2018 inauhesabu mmea kuwa hempu pale tu THC yake isipozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Ikizidi, zao haliuziki. Huku Afrika, Malawi ilitunga sheria yake 2020 na Zambia 2021.

Tanzania bado. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaukamata mmea wa bangi kwa jina lolote utakaouita. Hakuna kipengele cha "hii yangu ni ya viwandani". Ukikamatwa na ekari moja, maelezo yako kuhusu THC utayatolea mahakamani, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Kwa hiyo usipande, hata mche mmoja wa majaribio nyuma ya nyumba. Na mtu anayekuja kijijini na kompyuta yake mpakato, anaonyesha picha za mashamba ya Kanada na kuwachangisha "ada ya mkataba wa hempu", muulize swali moja tu: kibali chako kutoka mamlaka ya dawa za kulevya kiko wapi? Kwetu alikuja mmoja. Alipoulizwa alisema kibali kiko kwenye gari. Gari lilikuwa bodaboda.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalitazami, nalo ni mwanga. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, unapungua au kuongezeka kwa dakika chache tu. Hempu huchanua usiku unapokuwa mrefu. Aina za Ulaya na Kanada zimezoea kurefuka wakati mchana una saa 15 au 16. Ukizileta huku zinadhani msimu umekwisha, zinatoa maua zikiwa fupi. Yale mavuno unayosoma ya nchi za baridi hayahamishiki kwa kuhamisha mbegu. Ndiyo sababu utafiti wa hapahapa unahitajika kwa zao lolote la namna hii, na hata huko hempu ilikohalalishwa mambo hayakunyooka: mwaka 2019 wakulima wa Marekani walikimbilia hempu kwa wingi kupita soko, bei ikaanguka, wengine wakaacha mazao shambani.

Kinachowezekana leo, bila kumkwepa mgambo, ni kujaribu zao la nyuzi lililo halali. Sisi tulichagua kenafu, ndugu wa pamba, bamia na rozela. Nyuzi zake hutengeneza magunia, kamba na karatasi, shina hufika mita mbili hadi nne na huwa tayari kwa miezi minne au mitano. Pembeni tuliweka marejea, ile mbolea ya kijani ambayo wamisionari wa Peramiho kule Songea waliisambaza sana. Mwongozo huu unafuata kenafu, lakini hatua za mtafiti, mkataba na fedha ni zilezile kwa zao lolote jipya.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Watu wasiopungua watano wanaokuja shambani kweli, siyo wanaokuja siku ya mgeni.
- Kipande cha ardhi kisicho na mgogoro, robo ekari inatosha na kubaki.
- Daftari gumu la kaunta buku na kalamu ya wino. Penseli inafutika, na maji yakimwagika simu haikusaidii.
- Futi ya mita 30 au zaidi, kamba, vigingi, mizani ya kuning'iniza.
- Kipima mvua. Cha plastiki cha dukani ni bora; kama hakipo, anza na kopo lenye kuta zilizonyooka na rula.
- Namba ya simu ya afisa ugani wa kata yenu, na awe anaijua yako.
- Subira ya msimu mzima bila kuuza chochote. Kama kikundi kinahitaji hela ya ada ya shule mwezi wa kwanza, pandeni dengu au mahindi, hili liacheni.

Hatua ya 1: Jisajilini, na fungueni akaunti

Hii haina hadithi ndefu. Andikeni katiba, muhtasari wa kikao chenye sahihi za wanachama wote, pitieni kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata hadi halmashauri. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Kosa la kawaida: watia sahihi wawili kuwa mtu na mkewe. Hakuna mfadhili atakayewaambia wazi, ila faili lenu litawekwa chini ya mengine.

Hatua ya 2: Chagueni swali moja

Vikundi vingi huandika "tunataka kufanya utafiti wa kenafu". Hilo si swali. Swali ni kitu ambacho shamba linaweza kulijibu. Letu lilikuwa: nafasi ipi kati ya mistari inatoa nyuzi nyingi kwenye udongo wetu wa luseni, ule wa kichanga: sentimita 20, 30 au 45? Kenafu ikibanana hurefuka bila kutoa matawi, na nyuzi za shina lisilo na matawi huchunika vizuri. Ikibanana kupita kiasi shina linakuwa jembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mpaka uko wapi kwenye mchanga wetu? Hatukujua, na hakuna wa karibu aliyeweza kutuambia.

Swali moja. Mkiongeza mbolea, na tarehe ya kupanda, na aina mbili za mbegu, mtaishia na vitalu 50 na daftari lisilosomeka.

Hatua ya 3: Tafuteni mtafiti kabla ya kutafuta fedha

Hapa ndipo wengi wanapogeuza mkokoteni mbele ya ng'ombe. Fedha nyingi za utafiti nchini haziombwi na kikundi cha wakulima. Zinaombwa na mtafiti aliye kwenye taasisi, na kikundi kinaingia ndani ya ombi lake. Ukimpata mtafiti, umeshapata nusu ya njia ya fedha.

Kwetu jirani yupo: kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, hapohapo Misungwi. Ukitoka Mwanza mjini unapita Buhongwa na Usagara, haifiki hata kilomita 40. Ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa pamba, na wanajua nyuzi kuliko mtu yeyote kanda hii. (Zile herufi UK kwenye majina ya mbegu za pamba, kama UK91, mzee mmoja wa kwetu aliamini miaka yote kwamba zinamaanisha Uingereza. Ni Ukiriguru.) Kwa katani na udongo, kituo chao ni Mlingano, Tanga. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina wanafunzi wa shahada ya pili wanaohitaji shamba la kufanyia utafiti, na mwanafunzi mwenye msimamizi makini ni mshirika mzuri sana: ana muda, na asipomaliza hapati shahada.

Namna ya kuwafikia: andikeni barua ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa kikundi, kwa mkurugenzi wa kituo, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya. Semeni mko wapi, mna ardhi kiasi gani, swali lenu ni lipi, mtachangia nini. Msiombe hela kwenye barua ya kwanza. Kisha nendeni Nane Nane, viwanja vya Nyamhongolo, wiki ya kwanza ya mwezi wa 8. Pale mtafiti amesimama kwenye banda kutwa nzima anasubiri kuulizwa. Sisi tulikwenda na bua moja la kenafu iliyoota yenyewe kando ya mfereji na daftari la mvua la miezi mitatu. Bua hakulitazama sana. Daftari alilifungua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, halafu akauliza: "Hizi milimita nani anaandika?" Nikamwonyesha Mama Mweka Hazina. Alichukua namba yake, yangu hakuichukua.

Mtafiti kutoka nje ya nchi akija kwenu, muombeni kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla hajapima chochote. Siyo jeuri, ndiyo utaratibu, na mwenye nacho hukitoa bila kununa.

Hatua ya 4: Andikeni makubaliano

Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili, hata kama wenzenu wana yao ya Kiingereza. Yawemo haya: nani analeta mbegu na pembejeo, nani anafanya kazi gani na kwa malipo gani, mavuno ni ya nani, takwimu ni za nani na kikundi kitapewa nakala lini, mbegu zitakazobaki zinakwenda wapi, jaribio likiharibika nani anabeba hasara.

Hicho cha takwimu msikiruke. Kuna kikundi ninachokifahamu kilipima mimea msimu mzima, mtafiti akaondoka na karatasi zote, na hadi leo hawana hata namba moja ya kuonyesha kwa mfadhili mwingine. Dawa yake ni rahisi: daftari halisi linabaki kijijini, anayetaka anapiga picha.

Hatua ya 5: Mbegu kwa njia halali

Mbegu ya kenafu huipati kwenye duka la pembejeo pale Pamba Road. Anzeni kuulizia kupitia mtafiti wenu: vituo vya utafiti, na hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha. Ikibidi kuagiza nje, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Mbegu iliyofichwa ndani ya bahasha ya posta inaweza kuleta gonjwa ambalo litahamia kwenye pamba ya wilaya nzima, na jina litakaloandikwa ni la kikundi chenu.

Kabla ya kupanda, fanyeni jaribio la kuota: mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, zihesabiwe baada ya siku tano. Zikiota chini ya 70, ongezeni kiasi cha mbegu au rudisheni.

Hatua ya 6: Toeni taarifa kabla haijaota

Nisikilize vizuri hapa. Aina nyingi za kenafu zina majani yaliyochanika kama vidole. Kwa mbali, na hata kwa karibu, ni bangi tupu. Jina lake la kisayansi lenyewe linasema hivyo: *Hibiscus cannabinus*.

Msimu wa kwanza hatukumwambia mtu. Wiki ya sita, asubuhi, mgambo wawili wakaingia shambani na mtendaji nyuma yao, jirani ameshapeleka habari. Mama Mweka Hazina alikuwa peke yake anapalilia.

"Mama, shikamoo. Haya majani ya nini?"

"Marahaba. Ya kamba, mwanangu."

"Ya kamba kweli? Mbona tunayajua haya?"

Bahati ilikuwa upande wetu, mche mmoja kwenye ukingo ulikuwa umewahi kuchanua. Akamshika mkono yule kijana, akampeleka mpaka kwenye ua, la manjano iliyopauka na moyo mwekundu. "Bangi gani ya kwenu inatoa ua la bamia?" Kijana alicheka, lakini miche yetu miwili ilikwenda ofisini kama kielelezo, nasi tulipoteza siku mbili kujieleza.

Msimu wa pili tulifanya hivi, nanyi fanyeni: barua kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, nakala kituo cha polisi, ikiambatana na barua ya mtafiti inayotaja zao kwa jina lake la kisayansi. Kibao shambani chenye jina la zao, la kikundi na la taasisi. Na muiteni jirani aje aone mbegu zikipandwa. Mgogoro ukifika mbali, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mwanza na anaweza kuthibitisha mmea ni nini, ila ni bora msifike huko.

Hatua ya 7: Pimeni vitalu, pigeni kura, pandeni

Kwa nafasi tatu tulitumia vitalu 12: kila nafasi mara nne. Kitalu kimoja mita 5 kwa 4, njia ya mita moja katikati.

Angalieni udongo kwanza. Usukumani mteremko mmoja una udongo wa aina mbalimbali: juu luseni, ukishuka itogolo (mgumu), chini kabisa mbuga (mweusi wa mfinyanzi). Ukiweka nafasi ya 20 yote juu na ya 45 yote chini, umepima udongo, hukupima nafasi. Kwa hiyo gaweni shamba kuwa mafungu manne yanayokata mteremko, kila fungu kwenye udongo unaofanana, na ndani ya kila fungu ziwemo nafasi zote tatu. Kipi kikae wapi, pigeni kura: vikaratasi A, B, C ndani ya kofia, mtoto achomoe. Kura inarudiwa upya kwa kila fungu. Mwenyekiti wetu alitaka vipangwe "vizuri kwa kufuatana" ili wageni waelewe. Tulimkatalia, akanuna wiki nzima.

Pandeni mvua za vuli zikishakolea, kina cha sentimita 2, mche hadi mche sentimita 10. Vitalu vyote siku moja. Wiki ya tatu punguzeni miche. Palilieni mapema, kenafu ikishafunga kivuli haisumbuliwi tena na magugu.

Angalizo kwa maeneo ya pamba: kenafu ni ndugu yake, na kunguni wekundu wanaochafua pamba wanaipenda vilevile. Iwekeni mbali na pamba, na mkimaliza ng'oeni masalia yote mchome, kama sheria ya pamba inavyotaka.

Hatua ya 8: Daftari

Mvua kila siku saa 3 asubuhi, hata kama ni sifuri, sifuri iandikwe. Tarehe ya kupanda, ya kuota, na tarehe ambayo nusu ya miche ya kila kitalu imechanua. Urefu na unene wa shina kwa miche 10 ya katikati, kila baada ya wiki mbili. Anayepima awe mmoja, akisafiri mbadala wake afundishwe kwa siku nzima.

Kosa kubwa kuliko yote: kujaza daftari Jumapili jioni kwa kukumbuka. Mtafiti analiona mara moja, wino unafanana na mwandiko hauyumbi. Siku mliyokosa, andikeni "hatukupima, msiba". Daftari lenye mapengo ya kweli linaaminika.

Hatua ya 9: Vuneni na loweka, mbali na ziwa

Kateni pale nusu ya miche inapokuwa imechanua. Acheni nusu mita kila upande wa kitalu, maana mimea ya pembeni hupata jua zaidi na hudanganya. Kinachobaki ni mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Ekari ina mita za mraba kama 4,047, kwa hiyo kila kilo ya kitalu mnaizidisha kwa 337 kupata kilo kwa ekari. Mizani ikikosea kilo moja, ripoti inakosea kilo 337. Pimeni mara mbili.

Kutoa nyuzi kunataka kuloweka mabua mpaka gamba liachie, kama watu wa pwani wanavyofukia makumbi ya nazi. Kishawishi cha kwetu ni kuyatupa ziwani au kwenye kijito. Msifanye hivyo. Maji ya kulowekea hunuka, hula hewa yote iliyomo na kuua samaki, na sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Isitoshe, kusimama kwenye maji yaliyotuama ya ufukwe wa ziwa ni kujitafutia kichocho.

Chimbeni shimo, litandikeni turubai la nailoni, jazeni maji, kandamizeni mabua kwa mawe yazame yote. Kuanzia siku ya sita chomoeni bua moja kila asubuhi, vuta gamba kutoka kitakoni. Likiteleza lote kama soksi, yametosha. Kwetu ilikuwa karibu siku ya kumi. Fungu la kwanza kabisa tulilisahau karibu wiki tatu kwa sababu ya msiba, tukatoa kitu kama nyama iliyolala kwenye supu, hakuna hata uzi mmoja uliovutika. Maji machafu yaacheni yatulie, kisha yamwagieni shambani kidogo kidogo.

Osheni, anikeni kivulini penye upepo, pimeni nyuzi kavu. Msishtuke: kilo 100 za mabua mabichi zinawaachia kilo chache tu.

Hatua ya 10: Sasa fedha

Mnazo namba za msimu mmoja. Milango iliyopo ni hii, nami nasema wazi upi ni wa nini.

Mlango wa mtafiti. COSTECH inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na hutoa matangazo ya kuomba. Mtafiti wenu ndiye mwombaji, nyinyi ni washirika. Mwambieni mapema mko tayari, na mpeni nakala ya cheti cha usajili, barua za kijiji na daftari, kwa sababu matangazo yana muda mfupi na anayechelewa ni yule anayetafuta viambatisho.

Mlango wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo. Jaribio halizai hela ya marejesho. Huu mlango ni wa baadaye, mkishakuwa mnasokota kamba na mnunuzi yupo. Nimeona kikundi kikiukopea utafiti, kikaishia kuuza mbuzi wa wanachama.

Benki ya Maendeleo ya Kilimo ni ya mbali zaidi. Nendeni mkiwa na soko lililoandikwa. SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mwanza watawafaa kwa mashine ndogo za kusokota na kuchambua, na kuwauliza ni bure.

Na mlango wa kwanza, ambao watu wanauonea aibu: mifuko yenu. Robo ekari ya jaribio ni kazi ya mikono zaidi kuliko pesa. Sisi tulilima msimu wa kwanza kwa michango ya VICOBA.

Andiko lenyewe lisizidi kurasa tano: tatizo, swali, tumeshafanya nini, tutafanya nini mwezi kwa mwezi, nani anahusika, bajeti. Kwenye bajeti wekeni mchango wenu kwa thamani: ardhi, siku za kazi, ulinzi. Na posho zikizidi vifaa, rudieni kuandika. Andiko letu la kwanza lilikuwa na vikao 11 vya kamati na mizani moja.

Yakikwama

*Zimechanua zikiwa magotini.* Ni ule mwanga niliousema. Kenafu nayo huchanua usiku ukirefuka, na aina mliyopata imezoea mchana mrefu. Msiing'oe kwa hasira. Andikeni tarehe na urefu, hayo ni matokeo, na mtafiti atayahitaji kuchagua aina nyingine.

*Mizizi ina vinundu.* Kwenye marejea ni heri: vinabanduka kwa ukucha, ukipasua ndani ni vyekundu kama waridi, vinatengeneza naitrojeni. Kwenye kenafu ni balaa: mzizi wenyewe umevimba, ni minyoo fundo, na mchanga wetu inaupenda. Msimu ujao pandeni marejea hapo, hupunguza minyoo hiyo. Ng'ombe wasiachiwe kula marejea yenye mbegu.

*Mtafiti hapokei simu.* Mtumieni picha ya ukurasa wa daftari kila mwisho wa mwezi bila kuomba kitu. Wa kwetu alikaa kimya miezi miwili, alipoona urefu umesimama ghafla kwenye vitalu vitatu alipiga mwenyewe saa 2 usiku.

*Wanachama wanataka kugawana nyuzi.* Gawaneni, ila baada ya kupima, na baada ya kuweka sampuli ya nusu kilo ya kila nafasi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa sandarusi panya wanaufungua. Sampuli yetu ya nafasi ya 30 ilikuwa kiota cha watoto sita.

*Mfadhili anataka "ada ya usajili" kwanza.* Mfadhili anatoa, hapokei. Kata simu.